Mbweha Aliyekuja Mchana

Shambani kwa Bwana Mulei,
Nje ya Emali, Makueni.
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mama Rehema,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Kama mama yako yuko hapo karibu, soma kimya, halafu utaamua mwenyewe la kumwambia. Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, macho yako yangekimbilia mwisho wa karatasi kutafuta kama kuna msiba wangu. Hakuna. Ninakula na kutembea na mifugo kama kawaida. Nyinyi je? Rehema ameacha kukohoa? Mguu wa baba umepata nafuu, au bado anaenda msikitini akiegemea fimbo? Tumesikia upande wa Mwingi mvua ilinyesha kidogo ikakatika, na mimi kila nikiona wingu limeelekea huko ninasema labda leo ndengu za Mama Rehema zimepata.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la mbuzi. Umeniuliza jambo moja na hukuzunguka. Umesema binamu yako aliniona Kitui mjini, karibu na soko, siku chache baada ya Idi, nimekaa nyuma ya pikapu. Akaniita kwa jina, nikageuza uso. Umesema ulinipikia Idi nzima, mtoto akakaa mlangoni na gauni lake jipya mpaka likachafuka, na mimi nilikuwa Kitui. Umesema kama kuna mwanamke mwingine nikwambie tu, nisikufanye mjinga.

Binamu yako hakukosea, Zuhura. Nilikuwa ni mimi, na nilimsikia akiniita. Mwanamke mwingine hakuna. Nilikuwa nimekaa kando ya jeneza la Muthama, tunampeleka kwao Zombe kuzikwa.

Muthama ulimjua kwa jina tu, na kwa ile asali aliyokutumia ulipojifungua Rehema. Nilikuwa nikikuandikia habari zake ukacheka, ukasema huyo mzee na mimi tumeoana. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nywele za kando ya masikio zimekuwa nyeupe, mzee wa kanisa katika lile kanisa dogo la mabati karibu na reli. Akiimba sauti ya chini unaisikia kabla hujaona kanisa lenyewe. Bwana Mulei alimtoa Zombe kwa ajili ya mbweha. Alikuja na mkewe Ndinda na mbwa wake watatu, Polisi, Tosha na Nzuki, na mwaka huohuo ndio na mimi niliandikwa kuchunga hapa.

Shamba hili halina kona ya kujificha. Ni nyasi tupu hadi kwenye vilima, kichuguu hapa, mgunga pale. Wakati wa mvua mbuzi wanazaa, na mama anamwacha mtoto kwenye kivuli cha kichaka aende akale. Mbweha huja wawili. Mmoja anajionyesha kwa mama, anamzungusha, anamkasirisha mpaka amfukuze. Mwenzake anakuja kwa nyuma anachukua mtoto. Ukifika unakuta mama anaita na damu kidogo chini, basi. Msimu wangu wa kwanza nilipoteza watoto mpaka nikaona haya kumwangalia Bwana Mulei usoni.

Muthama alinifundisha kuwawinda. Nikimaliza kuswali alfajiri, ninamkuta nje ya nyumba yake na uta begani, anaokota vumbi kidogo na kuliachia ili ajue upepo unatoka wapi. Tunatembea upepo ukiwa usoni. Umande unaonyesha mahali mnyama alipopita, majani yamelala, na mbwa wanashuka kando kama watoto waliotumwa. Hakuwa na maneno mengi njiani. Akimwona mbweha kwa mbali amekaa juu ya kichuguu anaota jua, alikuwa akisimama kumtazama kwanza. Siku moja nilimwuliza anangoja nini. Akasema, "Angalia vile ametulia. Yeye hajui hapa ni shamba ya mtu. Anaona tu nyama imelala." Halafu akavuta uta.

Lakini jike anayenyonyesha hakumgusa, wala hakuziba shimo lenye watoto ndani. Bwana Mulei alikuwa akinung'unika kuhusu hilo. Muthama alimjibu kwa heshima tu kwamba yeye ameitwa kulinda mbuzi, hakuitwa kumaliza mbweha wa Ukambani.

Na mimi alinilinda kwa njia yake. Alijua siwezi kuguswa na mbwa halafu niende kuswali. Tulipokula aliwafunga upande wa pili wa nyumba. Mmoja akinisogelea na pua yake akagusa mkono wa shati langu, Muthama alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Haya Rajabu, enda uoshe. Nitakungoja." Na kweli alikuwa akiningoja.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa karibu na mwezi wa Ramadhani kuandama. Jua lilikuwa limeshapanda, mifugo imekuja kunywa kwenye hori la saruji lililo chini ya tangi. Mimi nilikuwa nimeinama nikitoa majani yaliyoziba bomba. Muthama alikuwa upande wa pili anamwangalia Nzuki, ambaye alikuwa na mwiba wayoni. Nikasikia mbuzi wametawanyika kwa ghafla. Nilipoinua kichwa nikaona mbweha anakuja katikati ya uwanja mweupe, mchana, watu wapo na mbwa wapo, anatembea moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Kichwa kimeinama, mdomo uko wazi, na mate yanamning'inia. Miguu ya nyuma ilikuwa inamkosea.

Nilisimama tu nikimshangaa. Hata sikuokota jiwe. Nilifikiri ni mgonjwa ametafuta maji.

Muthama alipiga kelele, "Toka! Rajabu toka hapo! Hiyo ina kichaa!"

Nilirudi nyuma nikagonga hori nikaanguka, na yule mnyama akanishika mguu. Nilikuwa na viatu vile vya mpira wa gurudumu, kwa hiyo alishika suruali na ngozi kidogo ya shavu la mguu. Hakutikisa kama mbwa anavyotikisa. Alishika tu akatulia, macho yamefunguka hayanioni. Muthama alifika akampiga rungu mgongoni, akaniachia, na hapo mbwa wote watatu wakamrukia. Muthama akaanza kupiga kelele tena, safari hii kwa mbwa wake, anawaita majina yao, anawavuta shingo mmoja mmoja kuwaondoa, kwa sababu alijua. Mikono yake ilikuwa ndani ya lile fungu la meno. Nilimwona. Kisha alipata nafasi akampiga yule mbweha kichwani, akafa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kunikalisha chini na kupandisha suruali yangu. Palikuwa na alama mbili ndogo, moja imetoa tone la damu. Kama ningekuwa peke yangu ningeipaka mate nikaendelea na kazi. Yeye alimwita Ndinda alete sabuni, akaniosha chini ya bomba, akaosha tena, akanisugua mpaka nikamwambia ananichuna.

"Utaenda hospitali leo," akasema. "Si kesho."

"Kwa alama hii?"

"Kaka ya baba yangu aliumwa na mbwa kule Nuu, alama ndogo kuliko hii. Nilikuwa kijana. Sitaki kuona tena ile kitu niliona."

Bahati Bwana Mulei alikuwa shambani siku hiyo. Alikuja akamtazama mnyama bila kumgusa, akauliza nani ameguswa. Muthama akajibu, "Ni Rajabu peke yake." Mimi niliona damu kwenye kifundo cha mkono wake. Nikasema, "Na wewe je?" Akageuza mkono akautazama kama ni mkono wa mtu mwingine. "Huu ni mwiba wa mgunga," akasema. "Wa asubuhi." Akaupangusa kwenye suruali. Bwana Mulei alikuwa ameshawasha gari. Nikapanda.

Nilipelekwa hospitali ya Machakos. Sindano za kichaa hicho wanadunga tumboni, kila siku upande mmoja kisha mwingine, mpaka tumbo lote likavimba kama unga uliotiwa hamira. Nililala kwa jamaa mmoja wa msikiti huko, mcha Mungu, hakuniuliza maswali. Mwezi ukaandama nikiwa huko, na daktari alinikataza kufunga. Ile barua niliyokuandikia nikasema nina kazi nyingi za msimu wa kuzaa, niliiandika nikiwa kwenye benchi la hospitali nangoja kuitwa. Sikutaka uje njia nzima kutoka Mwingi ukiwa na mtoto mgongoni, na sikutaka kukutia hofu kwa jambo ambalo daktari alisema limewahiwa.

Kumbe nyuma yangu mambo yalikuwa yakiendelea. Afisa wa mifugo alikuja akachukua kichwa cha yule mbweha kwenda kukipima. Majibu yalirudi kwamba ni kichaa kweli. Akaamuru mbwa wote watatu wauawe, kwa sababu wote walimuuma. Alikuja na askari mwenye bunduki. Ndinda alinieleza kwamba Muthama alimwambia yule askari, kwa upole kabisa, "Hapana, hao wananijua mimi. Wakikuona wewe wataogopa." Akaomba bunduki. Akawapeleka mmoja mmoja nyuma ya kilima, akiongea nao njia nzima kama anawapeleka kuwinda. Nzuki alimbeba, kwa sababu ya ule wayo wake. Aliporudi aliingia ndani akalala na viatu.

Niliporudi shambani nilikuta mtu mwingine. Alikuwa akitoka asubuhi na uta wake, anafika kwenye kichuguu anakaa. Mbweha wakapita mbele yake. Tulikuwa tukipoteza watoto wa mbuzi tena na hakuna aliyemlaumu, hata Bwana Mulei. Nilimwuliza tena kuhusu mkono wake, maana sasa tulijua ni kichaa. Akanionyesha. Palikuwa pamepona, mstari mwembamba tu. "Unaona?" akasema. Nikaona, nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Ramadhani ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya Idi, nguo zangu ziko kwenye mfuko, na ile kanga yako ya zambarau niliyonunua Machakos. Asubuhi moja Muthama akaniambia mkono unamwasha kwa ndani, chini ya ngozi, mpaka kwenye kiwiko. Siku iliyofuata alikuwa na homa. Ndinda akampelekea chai, akasema inanuka. Hakuna kitu kilichonuka. Nikasema labda ni malaria, mpe maji. Ndinda akamletea maji kwenye kikombe cha bati.

Zuhura, mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Alichukua kikombe vizuri tu, akakipeleka mdomoni, na kabla maji hayajagusa midomo koo lake lilikaza, shingo yote ikasimama mishipa, kikombe kikaruka. Aliangalia yale maji yakiingia kwenye udongo. Halafu akaniangalia mimi. Ndinda peke yake ndiye aliyekuwa bado hajui, anaokota kikombe, anasema atamletea mengine.

Tulimpeleka na ile pikapu ya Bwana Mulei. Njiani upepo ukimpiga usoni koo lilikuwa likikaza vilevile, tukamfunika shuka. Kwenye hospitali ileile ya Machakos, daktari mmoja wa kike, bado msichana, alimpima kisha akatuita nje kwenye baraza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa hakuna dawa, watampa kitu cha kumtuliza tu.

Ndinda akamwambia, "Na zile sindano mlimdunga huyu?"

"Mama, zile ni za kabla," akasema yule daktari. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Zinafanya kazi kabla."

Ndinda akarudia, "Za kabla," kama mtu anayejifunza neno la lugha asiyoijua.

Alikuwa na akili yake karibu wakati wote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mshtuko ukimwachia alikuwa Muthama yuleyule. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, akaitikia amina kila mahali panapotakiwa. Walipotoka akaniita. Nikasogea akanyoosha mkono kunizuia. "Hapo hapo. Usikaribie. Mate yangu inaruka, siwezi kuizuia. Una mtoto."

Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikamwuliza lile swali. Nilijua si wakati wake lakini nisingepata mwingine. "Kwa nini hukusema siku ile? Gari ilikuwa hapo. Tungeenda wote wawili."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata pale.

"Nilifikiri ni mwiba," akasema. "Kweli, Rajabu. Nilikuwa nimepita kwa miiba asubuhi. Lakini siku ile walikuja na habari ya kichwa, nilijua sina hakika. Na nikasema ni mwiba. Kama ningesema ni meno, basi... sijui. Nilikuwa nimetoka kuua mbwa zangu. Sikutaka kuwa kama wao."

Nikalia mbele yake. Hakunikataza.

"Nisomee kidogo kile chako," akasema baadaye. "Ile unasomaga asubuhi. Nimeizoea."

Nikamsomea Fatiha, na nyingine ninazozijua, palepale kwenye kiti. Ndinda alikuwa amekaa kwenye sakafu ameshika mguu wake juu ya shuka, maana mguu ndio tulioruhusiwa kushika. Walimdunga ile dawa ya kumtuliza, akalala. Alikufa siku ya pili yake, mchana, wafanyakazi wa wadi wakigawa chakula. Kesho yake ilikuwa Idi. Niliisikia takbira kutoka msikitini nikiwa nje ya chumba cha maiti nangoja karatasi za kumtolea.

Ndiyo sababu ulinipikia na sikuja.

Siku ile ya Kitui tulisimama sokoni kununua sukari na majani ya chai kwa ajili ya waombolezaji. Ndinda alikuwa mbele na dereva, mimi nyuma na mwili. Binamu yako akaniita, na kwa kweli nilitaka kushuka. Basi la Mwingi lilikuwa hapo linajaza, nililiona. Ningefika kwako kabla ya magharibi. Sikushuka, nikageuza uso, na sasa nitakwambia kwa nini, ingawa nimeandika ukurasa huu nikauchana na kuuandika tena.

Niliogopa mate yangu.

Daktari alikuwa ameniambia nimemaliza sindano zote na nimepona, nisiwe na wasiwasi. Nilimsikia kwa masikio. Lakini nilikuwa nimemwona Muthama na ule mkono uliopona, mstari mwembamba tu. Nikafikiri nitaingia nyumbani, Rehema atanirukia shingoni kama kawaida yake, atakunywa kwenye kikombe changu, atataka nimtafunie mnofu mgumu kama alivyozoea. Na wewe, mke wangu. Nikaona heri mkasirike. Mtu aliyekasirika anapona.

Tulifika Zombe tukakuta watu wengi sana, kanisa lao zima, wengine wamevaa suti zao za Jumapili kwenye jua lile. Walikuwa wamemleta fahali wa kuchinja kwa ajili ya wageni, kijana ameshashika kisu. Ndinda alitoka ndani ya nyumba alimokuwa amekaa na wanawake, akiwa amejifunga kitambaa cheusi, akapita katikati ya wanaume wote, akamwambia yule kijana ampe kisu. Akaniletea. Kaka ya Muthama akauliza kuna nini. Akamjibu, "Miaka hii yote mume wangu hakula nyama huyu akae na njaa. Leo ndiyo iwe mara ya kwanza asile?" Wazee wa kanisa wenyewe wakamshika fahali. Nikachinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, na watu wote wa Zombe wakala.

Tulimzika mwendo wa alasiri. Walipoimba, ile sauti ya chini haikuwepo na kila mtu aliisikia haipo.

Tangu nirudi huku nimepitisha siku nyingi nikijipeleleza. Nikiumwa kichwa nilikuwa nasema umeanza. Nilikuwa naenda bombani asubuhi kuangalia kama bado naweza kunywa maji. Mwisho Bwana Mulei alinikuta nimekaa kwenye hori nimeshika kikombe, akanipakia kwenye gari bila kuniuliza, akanirudisha kwa yule daktari msichana. Alinikumbuka. Alinikalisha akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mimi nilidungwa mapema na Muthama hakudungwa, na kwamba tofauti yote iko hapo. Akaniambia niende nyumbani nikamkumbatie mtoto wangu. Nilimwomba aseme tena. Akasema tena, mara mbili, na alikuwa na foleni nje.

Bwana Mulei anataka nichukue kazi ya Muthama. Amepata watoto wa mbwa kutoka kwa mtu wa Sultan Hamud, anasema mimi ndiye niliyejifunza kutoka kwake. Nimemwambia hapana. Nitachunga mpaka watoto wa mbuzi wa msimu huu waache kunyonya, halafu nitafunga mzigo. Jana asubuhi niliona mbweha wawili juu ya kichuguu, wanaota jua. Niliwatazama kwa muda mrefu. Sikuweza kuwachukia, na hilo lenyewe lilinishangaza. Nikawapigia kelele tu, wakaondoka.

Mwisho wa mwezi huu nitakuja, nikae. Ndengu zako na mbuzi wachache wa baba zinatosha mikono yangu. Kama bado una hasira uiweke, nitakuja kuichukua mwenyewe. Ila usinifungie mlango, nimechoka kukaa mbali na nyinyi.

Nisalimie baba yako, umwambie dua zake naziona. Mama mkwe wangu mpe salamu zake peke yake, na kama ulimwambia nina mke Kitui, sasa umwambie ukweli kwa sauti ileile uliyotumia. Msalimie shangazi yangu anayekuletea maziwa, na ndugu yangu mdogo fundi wa baiskeli, akumbuke kukutilia mabati kabla mvua hazijarudi. Binamu yako umwambie namwomba radhi. Alinisalimia vizuri nikamfanyia utovu wa adabu.

Na Rehema. Ulisema amezoea kuwapa makombo wale mbwa wa nyuma ya kichinjio. Usimpige kwa hilo, ni moyo wake. Lakini mnyama yeyote akimgusa kwa jino, mbwa, paka, hata punda, hata kama ni alama ndogo unayohitaji kuitafuta, hata yeye mwenyewe akisema ni mwiba, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, umbebe uende naye hospitali saa hiyohiyo. Usimwulize mtu yeyote. Usiningoje mimi.

Ni mimi mumeo, niliye mzima,
Rajabu, Baba Rehema.